Mstaafu, anzia kliniki
Umestaafu, lakini shughuli hazijastaafu. Mzee anapimwa sukari, mama ana miadi ya macho, mjukuu anangoja chanjo, na benki nayo yawasubiri. Je, mtaanzia wapi?

Anzeni na sukari. Kipimo cha kabla ya kula humtaka mgonjwa afunge kwa muda wa saa 8 hivi, akinywa maji tu. Mkipitia benki kwanza, njaa itamkuta kwenye foleni, na anayetumia insulini aweza kuzirai. Muulizeni daktari mapema kuhusu dawa za asubuhi hiyo, na mbebe chakula cha baadaye.

Mama naye akitiwa dawa ya kupanua mboni, hataona vyema kwa saa kadhaa. Asivuke barabara peke yake. Benki hata kesho itafunguliwa.