Kipande Kimoja Hakipo

Sanduku lile liliingia nyumbani kwetu likiwa chini ya nguo. Binti wa dada yetu alikuwa ametoka soko la mitumba kununua mashati ya shule ya wanawe, na muuzaji, baada ya kuvutana naye bei kwa muda, akamwongezea kwa shilingi 150 sanduku la kadibodi lililozungushiwa utepe wa gundi. Juu yake palikuwa na picha ya bandari ndogo ya Ulaya: mashua za wavuvi, nyumba nyeupe za mawe, na mbingu kubwa iliyojaa mawingu. Pembeni ilichapwa nambari 1000. Lilikuwa fumbo la picha, lile ambalo watoto wetu huliita pazo: picha iliyokatwa vipande vidogo vidogo, mtu akaketi akaiunga upya.

Hatukuwa watu wa mchezo huo. Siku zile tulikuwa na shughuli nyingine kabisa, kwani mama yetu alikuwa katika mwezi wa pili wa eda. Msomaji aliyewahi kukaa na mjane anaifahamu hali yenyewe. Wiki za mwanzo nyumba haina hata upenyo wa kupitishia sinia, kisha wageni hupungua, na alasiri huwa ndefu. Mama alikuwa na sala zake, na msahafu wake, na nyiradi zake. Lakini baina ya Alasiri na Magharibi ipo saa moja ambayo kwa miaka 41 alikuwa akiitumia kumtayarishia baba kahawa na kumsikiliza akisimulia habari za mjini. Saa hiyo ndiyo iliyokuwa ikituogofya. Aliketi ukumbini mikono ikiwa mapajani, hasemi neno, na chakula cha usiku akikionja tu.

Watoto ndio waliolifungua sanduku. Walivimwaga vipande katika sinia kubwa la pilau na kuanza kulazimisha chochote kwa chochote. Mama alitazama siku ya kwanza. Siku ya pili akasogeza kiti. Siku ya tatu tulimsikia akimwambia mjukuu wake mdogo, "Mwanangu, hicho si cha huko, kitakuvunjikia," naye akakichukua kipande, akakigeuza mara mbili mkononi, akakiweka mahali pake. Mkono huo ulishona kofia tangu ujana. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu vitundu vya sindano katika kitambaa cheupe, vipande 1000 si jambo la kutisha.

Tangu hapo tumelijua fumbo la picha kwa undani zaidi kuliko tulivyotarajia, na huenda baadhi ya wasomaji wakanufaika na machache tuliyojifunza.

Jambo la kwanza ni kwamba nambari ya sandukuni si ya kuapiwa. Kiwanda hukata picha kwa safu, na safu hazigawanyiki daima kuwa nambari kamili. Fumbo linaloitwa la 1000 huweza kuwa na safu 38 kwa 27, yaani vipande 1026. Na la 500 mara nyingi huwa na 513. Anayehesabu akakuta ziada asifikiri kwamba vya fumbo jingine vimechanganyika humo. Njia iliyo bora ni kutenga kwanza vipande vya ukingoni, vile vyenye upande mmoja ulionyooka, kisha kuvihesabu. Fumbo la safu 38 kwa 27 lina vya ukingoni 126. Na likiwa na safu 40 kwa 25 ni 126 vilevile. Sisi tulivipata vyote 126, na kwa furaha yetu tukadhani salama imekwisha kupatikana.

Baada ya kingo hufuata rangi. Tulitumia masinia matatu: moja la maji na mashua, moja la nyumba, moja la mbingu. Kazi ilifanyika juu ya kipande cha plaiwudi, ili ukumbi ukihitajika ubao usukumwe chini ya kitanda pamoja na kila kilicho juu yake. Taa ya umeme tuliikimbia upesi, kwa maana uso wa kadibodi hung'aa na kuficha rangi. Nuru ya dirishani ni bora mara kumi. Na hewa yetu ya Pwani ina haki yake pia: kadibodi hunywa unyevu, na msimu wa mvua vipande huvimba hata vikakataa kuingiana. Vikianikwa kivulini adhuhuri moja hurudi katika hali yake. Tusivianike juani, tulifanya hivyo mara moja na vikapindana kama ndizi za kukaanga.

Sheria ya mama ilikuwa moja tu. Adhana ikianza, kipande kilichomo mkononi kinarudi siniani, hata kama mtu amekwisha kuona mahali pake. Wapo waliolalamika. Hakuna aliyeshinda.

Ilipofika zamu ya mashua tulimsikia akicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, na picha ile haikumridhisha hata kidogo. "Tazameni," alituambia, "mlingoti huu, foromali i wapi? Na tanga litafungwa na nini, na mate?" Kwa siku mbili hatukuunga vipande zaidi ya ishirini, kwa sababu kila mashua ilimkumbusha chombo kingine, na kila chombo kilikuja na watu wake, na miongoni mwa watu hao alikuwamo kijana mmoja aliyekuwa akifika forodhani kutazama majahazi yakishusha tende, ambaye baadaye alikuja kuwa baba yetu. Habari hizo hatukuwahi kuzisikia. Tulizikosa miaka yote tuliyoketi naye tukimtazama usoni na kumwuliza habari. Zilikuja pale macho ya kila mtu yalipokuwa siniani.

Asili ya mchezo wenyewe si ya anasa. Katika miaka ya 1760 mchonga ramani mmoja wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba na kuukata ubao huo kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono. Kwa muda mrefu mafumbo yalikatwa kwa msumeno, kimoja kimoja, na bei yake ikawa ya matajiri. Kilichoyashusha hadi nyumba za kawaida ni kadibodi, pamoja na dhiki. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1930, viwanda vya Marekani vilichapa picha juu ya kadibodi na kuikata kwa mkandamizo mmoja wa visu vya chuma. Mafumbo mapya yakauzwa kila wiki kwa senti chache, na familia zilizopoteza kazi zikayanunua na kuazimana. Uingereza nako ipo maktaba iliyoanzishwa mwaka 1933 inayoazimisha mafumbo ya mbao, na masanduku yake hayana picha. Mwanachama huunga asichokijua mpaka kimtokee.

Kuazimana huko ndiko kunakotueleza jinsi sanduku linavyofika kwetu. Fumbo likishaungwa, aliyeliunga huwa amelimaliza, lakini fumbo lenyewe halijapungua kitu. Hulivunja, akalirudisha sandukuni, akalitoa sadaka kwa duka la hisani la kwao. Kutoka huko mengine huchanganyika na vichezeo vingine, yakafungwa marobota, yakavuka bahari. Hapa Mombasa mwenye subira atayakuta Kongowea, chini ya wanasesere wasio na nywele. Tumekwisha kununua manne zaidi. Wenye kuchunga picha za viumbe wasiwe na shaka, kwani ramani, maua, majengo na vyombo vya baharini ni vingi. Na bei haifiki robo ya lile jipya la dukani.

Raha ya mtumba huo, hata hivyo, si bei peke yake. Fumbo jipya tunajua kwamba limetimia. La mitumba hatulijui, na kila alasiri tunaunga tukiwa na swali. Ndani ya sanduku tumewahi kukuta tikiti ya basi ya nchi ya watu, na vipande viwili ambavyo mtu aliviacha vimeshikana, kana kwamba aliitwa mezani akaondoka haraka. Tunaunga nyuma ya mikono ya watu ambao hatutawaona kamwe.

Picha ya bandari ilikamilika wiki ya kumi na tatu ya eda. Haikukamilika. Palibaki tundu moja, juu ya paa la nyumba ya mwisho, katikati ya wingu.

Tulipindua mkeka. Tulisogeza kabati, tukafagia chini ya jokofu, tukakung'uta mito na mifuko ya kanzu. Kisha, ni lazima tukiri, tukamgeukia yule mjukuu mdogo. Alikuwa na umri wa miaka saba, na aliwahi kukamatwa akificha kipande mkononi ili awe yeye wa kukiweka cha mwisho. Tulimwuliza kwa upole, kisha bila upole. Alisema hakukichukua. Mmoja wetu akamwambia kwamba amemharibia nyanya yake kazi ya miezi, na katika siku zake za huzuni. Mtoto akalia mpaka akalala bila kula. Mama hakumtetea. Yeye pia aliamini.

Siku iliyofuata mama alilichukua sanduku tupu kulifuta vumbi. Utepe wa gundi ulikuwa umeanza kubanduka upande mmoja kwa unyevu, naye akauvuta wote. Chini yake palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino, wa Kiingereza, herufi ndogo zilizopangwa vizuri kama za mwalimu. Alituita tumsomee. Uliandikwa hivi: kipande kimoja hakipo.

Aliyelitoa sanduku hilo huko kwao alikuwa ameshasema kweli. Njiani, mkono mmoja uliona kwamba kweli ile itapunguza bei, ukaifunika. Hatujui ni mkono gani, na muuzaji wa mwisho huenda alilipokea likiwa hivyo hivyo. Kila aliyesomeshwa chuoni anajua kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu hana budi kuibainisha. Tulilisikia hilo tukiwa wadogo, na katika akili zetu lilikuwa jambo la ngano iliyolowa na mbuzi mgonjwa. Hatukuwahi kufikiri kwamba aibu iliyofichwa ya kitu cha shilingi 150 inaweza kumliza mtoto asiye na hatia katika nyumba ambayo mfichaji hakuijua.

Mama alimwita mjukuu. Alimketisha karibu naye, akamwonesha maandishi, akamwambia mbele yetu sote, "Niwie radhi, baba. Nilikudhania vibaya." Mtoto hakujua aseme nini. Sisi nasi, watu wazima watano, tulimwomba radhi mmoja baada ya mmoja, na hatukumbuki jambo gumu kuliko hilo mwaka ule.

Yeye ndiye aliyeleta shauri la kulitengeneza pengo. Aliweka karatasi juu ya tundu, akapitisha penseli, akakata umbo lake kwenye kadibodi ya sanduku la viatu, akabandika mbili pamoja ili unene ulingane, akapaka rangi kwa kalamu zake za shule. Buluu yake ilizidi kidogo. Kiliingia kwa kubanwa na kidole gumba, na nyanya yake ndiye aliyekibana.

Eda ilipokwisha, shangazi yetu wa Malindi aliliomba sanduku. Mama hakukubali liondoke vivi hivi. Utepe wote ulitolewa, mwandiko wa zamani ukaachwa wazi, na chini yake akaandika yeye kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo alizofundishwa: kipande kimoja hakipo, kilichopo mahali pake ni cha kutengeneza. Tulimkumbusha kwamba huko mbele sanduku huenda likafika kwa asiyezisoma herufi hizo. Akampa mjukuu kalamu, naye akaandika yaleyale kwa herufi za shule, akaongeza jina lake.

Salamu za Malindi zimetufikia juzi. Vya ukingoni wamevihesabu, viko 126, na shangazi anauliza foromali za mashua hizo zimekwenda wapi.