Mtwapa: Mji usiolala na gharama ya raha zake

JUA likizama, maduka mengi katika miji ya Pwani huanza kufunga milango. Mjini Mtwapa, kaunti ya Kilifi, hiyo ndiyo saa ya kufungua. Taa za rangi huwaka, vipaza sauti hujaribiwa, na wachoma mishikaki huanza kupepea makaa kando ya barabara kuu ya Mombasa-Malindi.

Mtwapa iko takriban kilomita 15 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Msafiri anayetoka Mombasa huvuka daraja la Nyali, akapitia Bamburi na Shanzu, akalipita gereza la Shimo la Tewa, kisha akavuka daraja la hori la Mtwapa. Akishavuka tu, amefika. Mgeni hana haja ya kuuliza mtaa wa burudani uko wapi, kwa kuwa barabara kuu yenyewe ndiyo mtaa wa burudani. Baa, vilabu vya usiku, mikahawa na nyumba za wageni zimepangana pande zote mbili, huku matatu, malori na mabasi ya Malindi na Lamu yakipita katikati.

Anayefika saa mbili usiku hukuta watu wakila. Kuna viazi karai, chipsi, samaki wa kukaanga na nyama choma. Vilabu hujaa baada ya saa tano, na siku za Ijumaa na Jumamosi baadhi ya wapenda raha huondoka jua likiwa limeshachomoza.

Kwa nini Mtwapa?

Sababu ya kwanza ni mahali ulipo mji huu. Mtwapa imepakana na ukanda wa hoteli za kitalii wa pwani ya kaskazini, kuanzia Nyali hadi Kikambala. Mtalii aliyechoshwa na utulivu wa hoteli yake ya ufuoni hupata hapa muziki na umati kwa mwendo mfupi wa gari. Wafanyakazi wa hoteli hizo nao walihitaji makao, na mji ukakua kwa ajili yao. Baadhi ya wageni kutoka Ulaya, hasa wazee waliostaafu, walinunua nyumba wakawa wakazi.

Sababu ya pili ni watalii wa humu nchini. Mnamo Mei 2014, kufuatia onyo la usalama la serikali ya Uingereza, kampuni za utalii ziliwaondoa mamia ya Waingereza Pwani kwa ndege. Miaka kama hiyo ilidhihirisha hatari ya kumtegemea mgeni wa ng'ambo pekee. Kisha treni ya abiria ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa Mei 2017, ikamrahisishia mkazi wa Nairobi safari ya kuja Pwani wikendi na likizo.

Riziki ya usiku

Kila meza ya kilabu hutegemewa na watu wengi. Mhudumu, mpishi, mcheza santuri, bawabu, mwendeshaji bodaboda, dereva wa tuktuk, muuza njugu na mama wa chai ya alfajiri wote hula kutokana na mgeni yuleyule. Wengi wao hulipwa kwa siku. Usiku mmoja usio na wateja ni siku moja isiyo na unga.

Ukweli huo ulijitokeza wakati wa janga la Korona. Kuanzia Machi 27, 2020, kafyu iliwataka Wakenya wawe majumbani kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku chache baadaye, Aprili 8, usafiri wa kuingia na kutoka kaunti za Kilifi na Mombasa ulipigwa marufuku. Baa zilikuwa zimefungwa, na hazikuruhusiwa kufunguliwa tena hadi mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Kafyu yenyewe, ijapokuwa saa zake zililegezwa hatua kwa hatua, haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Kwa mji unaoishi kwa usiku, huo ulikuwa ukame wa karibu miezi 19.

Wanaolala na wasioweza kulala

Hata hivyo, nyuma ya vilabu hivyo kuna nyumba za watu. Kuna wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, wagonjwa, watoto wachanga na waumini wanaoamka kwa sala ya alfajiri. Ngoma inayomfurahisha mgeni kwa usiku mmoja humpigia mwenyeji mwaka mzima.

Sheria haijanyamaza kuhusu jambo hili. Kanuni za mazingira za mwaka wa 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, hata yale yaliyochanganyika na biashara na burudani. Kiwango hicho kimezidi mnong'ono kwa kiasi kidogo tu. Nayo sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa mbunge wa Naivasha John Mututho, iliruhusu baa za kawaida kuuza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Vilabu vya usiku vilipewa hadi saa tisa usiku.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti majukumu yote mawili: utoaji wa leseni za pombe na udhibiti wa kelele. Kwa hivyo, ofisi inayopokea ada ya leseni ndiyo inayopaswa kusikiliza kilio cha jirani asiyelala. Mizani hiyo ni ngumu, lakini haiwezi kukwepwa.

Watoto si sehemu ya burudani

Liko doa zito zaidi. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka wa 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakitumiwa kingono kwa malipo. Mwaka huohuo, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono. Anayepanga au kuendeleza utalii wa ngono na watoto hufungwa miaka isiyopungua 10. Anayemnajisi mtoto wa kati ya miaka 12 na 15 hufungwa miaka isiyopungua 20. Yeyote anayeshuku kuwa mtoto anadhulumiwa anaweza kupiga simu ya bure nambari 116.

Anayezuru Mtwapa

Mgeni mwenye busara hupanga safari ya kurudi kabla ya kuagiza kinywaji cha kwanza, wala haendeshi gari akiwa amelewa. Hamwachii mtu asiyemjua glasi yake, maana wizi wa kutilia watu dawa za usingizi, unaoitwa "mchele" mitaani, umewagharimu wengi pesa na wengine uhai. Havuki barabara kuu kwa pupa, kwa kuwa dereva wa lori la usiku hakuja kustarehe.

Kukipambazuka, yafaa azuru magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na ufuo kaskazini mwa hori. Nyumba na misikiti hiyo ya matumbawe ni ya karne ya 14, ushahidi kwamba eneo hili lilikuwa likipokea wageni kabla ya baa ya kwanza kufunguliwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Mtwapa huja kila usiku. Kupona kwa mwenyeji kutategemea kama sheria zilizokwisha andikwa zitatekelezwa baada ya saa tano usiku, wakati zinapohitajika zaidi.