Tetemeko la Japani na Magari Yaliyokwama Louisiana

Gari la kisasa huundwa kwa vipande vipatavyo 30,000, endapo kila skrubu itahesabiwa, na kampuni ambayo nembo yake hubandikwa kwenye boneti hutengeneza yenyewe sehemu ndogo tu ya vipande hivyo. Vilivyobaki hununuliwa kwa wagavi wa ngazi ya kwanza, ambao huleta kitu kizima kama vile usukani, kiti au mfumo wa breki. Hao nao hununua kwa wagavi wa ngazi ya pili, na hawa kwa wa ngazi ya tatu, mpaka kumfikia yule anayeuza unga, kemikali au chuma ghafi. Mtandao huo wote huitwa mnyororo wa ugavi, na taabu yake ni kwamba gari lililopungukiwa na kipande kimoja muhimu haliwezi kuuzwa, hata kama vingine vyote vimekwisha kufungwa.

Mfumo uliokuzwa na Toyota baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambao mhandisi Taiichi Ohno ndiye hutajwa zaidi kuwa mwasisi wake, hutaka kila kipande kifike kwenye mstari wa kuunganishia magari wakati ule ule kinapohitajika, ili mtaji usilale ghalani. Mfumo huu hulaumiwa kila mara viwanda vinapokosa vipuri. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini yaliyotokea mwaka 2011 yalionyesha kuwa kiini cha tatizo kilikuwa mahali pengine.

Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 lililotokea tarehe 11 Machi 2011 karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, pamoja na sunami iliyofuata, viliathiri zaidi eneo ambalo halikuwa kitovu cha uunganishaji wa magari. Viwanda vikuu vya Toyota vilikuwa mkoani Aichi, mamia ya kilomita kutoka huko. Hata hivyo uzalishaji wa kampuni hiyo nchini Japani ulianguka mwezi Aprili kwa zaidi ya robo tatu ukilinganishwa na Aprili ya mwaka uliotangulia. Ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki, kampuni ya General Motors ilifunga kwa wiki nzima, kuanzia tarehe 21 Machi, kiwanda chake cha pikapu cha Shreveport katika jimbo la Louisiana, si kwa sababu ya uharibifu wowote wa jengo, bali kwa kukosa vipuri kutoka Japani.

Miongoni mwa vipuri vilivyoadimika wakati huo ilikuwa sensa ya hewa, kifaa kinachoenea kiganjani, ambacho hufungwa kwenye bomba kati ya chujio la hewa na injini. Ndani yake mna uzi au utando mwembamba unaopashwa moto kwa umeme, na hewa inayopita huupoza. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajika kuurudishia joto lake, na kompyuta ya injini hukisoma kiasi hicho cha umeme ili ijue ni petroli kiasi gani inyunyizwe. Injini iliyosanifiwa kuitegemea sensa hiyo haiwezi kufungwa nyingine ya aina yoyote ile, na sehemu kubwa ya sensa hizo duniani zilitengenezwa na kampuni ya Hitachi, yenye viwanda mkoani Ibaraki, ndani ya eneo lililotikiswa.

Mkoa huo huo ndio wenye mji wa Hitachinaka, kilipo kiwanda cha Naka cha kampuni ya Renesas, iliyokadiriwa wakati ule kuwa na takriban asilimia 40 ya soko la dunia la mikrokontrola za magari. Mikrokontrola ni chipu moja inayobeba kichakataji na kumbukumbu pamoja, na gari moja huwa nazo makumi, zikiongoza injini, breki, madirisha na mifuko ya hewa. Chipu hizo huchorwa kwa mwanga juu ya kisahani cha silikoni, kisahani kikipitia mamia ya hatua kwa muda wa miezi miwili au mitatu, katika vyumba ambamo vumbi halitakiwi kabisa na mashine hulenga michoro kwa usahihi ulio mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Mtikisiko unaoacha kuta zikiwa zimesimama waweza basi kukiua kiwanda cha namna hii. Renesas ilisaidiwa na hadi watu 2,500 kwa siku, wengi wao wakiwa wametumwa na watengenezaji wa magari ambao hawakuwa wateja wake wa moja kwa moja, na uzalishaji ulianza tena tarehe 1 Juni; lakini kiwango cha ugavi cha kabla ya tetemeko hakikurejea hadi Septemba.

Tukio la miaka 14 kabla ya hapo husaidia kupima uzito wa lawama ile ya ghala tupu. Mnamo tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote zinazogawa shinikizo la breki katika magari ya Toyota, na kwa vile akiba ilikuwa ya saa chache tu, karibu viwanda vyote vya Toyota nchini vilisimama. Kampuni zaidi ya 60, baadhi zikiwa hazijawahi kutengeneza vali, zilipewa michoro zikaanza kuchonga chuma, na baada ya wiki moja hivi kazi ilikuwa imekaribia hali ya kawaida. Akiba ilikuwa kidogo mara zote mbili. Kilichotofautiana ni kwamba vali huweza kuchongwa na fundi yeyote hodari mwenye mashine nzuri, ilhali chipu iliyosanifiwa kwa ajili ya kiwanda kimoja haihamishiki kwenda kingine bila miezi mingi ya kusanifu upya na kupima.

Hata rangi iliadimika. Mng'ao wa rangi fulani za magari ulitokana na Xirallic, unga wa vigamba vya oksidi ya alumini vilivyopakwa oksidi ya titani, ambao wakati huo ulitengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Merck katika kiwanda kimoja tu duniani, huko Onahama mkoani Fukushima. Ford iliwaomba wauzaji wake wasimamishe kuagiza magari yenye weusi wa aina moja na wekundu wa aina kadhaa, jambo ambalo lingechekesha kama chanzo chake kisingekuwa msiba.

Kilichowashangaza wahandisi wa Japani ni umbo la mnyororo wenyewe. Ilidhaniwa kuwa ni piramidi, yaani kadiri mtu anavyoshuka ngazi ndivyo wagavi wanavyoongezeka, na kwamba anayenunua kutoka kwa wagavi watatu amejikinga. Uchunguzi ulionyesha kuwa mara nyingi umbo hilo ni la almasi: wagavi huongezeka hadi ngazi ya pili, kisha njia zote hukutana tena chini kwenye kiwanda kimoja au viwili, bila mnunuzi wa juu kujua. Toyota ilianzisha kanzidata ya kuwafuatilia wagavi mpaka ngazi za chini, na ikawataka wagavi wa vijenzi vya kielektroniki waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa, sharti ambalo linapingana waziwazi na fundisho la Ohno.

Akiba hiyo ililipa. Uhaba wa chipu ulipoanza duniani mwishoni mwa 2020, ukachochewa na baridi kali ya Texas ya Februari 2021 na moto uliozuka mwezi Machi katika kiwanda kile kile cha Naka, Toyota iliendelea kuunganisha magari wakati washindani wake wakipunguza. Iliweza kufanya hivyo hadi Agosti, pale maambukizi ya UVIKO-19 yalipovuruga viwanda vya Kusini-Mashariki mwa Asia, nayo ikatangaza kwamba ingepunguza uzalishaji wake wa Septemba duniani kwa asilimia 40.

Upungufu wa namna hiyo huifikia Afrika Mashariki kwa kuchelewa na kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam ni yaliyokwisha kutumika Japani. Mjapani anayesubiri gari jipya kwa miezi mingi haliuzi la zamani. Magari yanayofika mnadani hupungua na bei hupanda, kama ilivyotokea baada ya 2021. Kenya, isiyoruhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka minane, huubeba upungufu huo kwa uzito zaidi kuliko Tanzania, ambayo haiyapigi marufuku magari makuukuu bali huyatoza ushuru wa ziada, hivyo mnunuzi wake bado anaweza kushuka hadi kwenye toleo la zamani.