Nyuzi Mbili za Joto: Kujiandaa kwa Malaria Mahali Isikozoeleka

Mwanzoni mwa mwaka 2025, idara ya afya ya jimbo la Kansas nchini Marekani ilitangaza kwamba mlipuko wa kifua kikuu ulioanza mwaka uliotangulia ulikuwa umefikisha wagonjwa 67 katika kaunti mbili za Wyandotte na Johnson. Habari hiyo ilizua swali linalozihusu nchi zote, yaani namna ya kujiandaa kwa ugonjwa ambao huonekana kwa nadra kiasi kwamba wahudumu wa afya huacha kuufikiria. Nchini Kenya kifua kikuu si ugonjwa wa nadra hata kidogo, lakini swali hilo lina historia ndefu katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako ugonjwa unaokuja kwa kushtukiza ni malaria.

Kutoka Sosiot, katika eneo la Belgut huko Kericho, ardhi hushuka upande wa magharibi kuelekea Sondu na nyanda za Kano, ambako malaria ni jambo la kawaida na watu hupata kinga ya kiasi kwa kuugua mara kwa mara tangu utotoni. Mashamba makubwa ya chai, yaliyo kati ya takriban mita 1,800 na 2,200 juu ya usawa wa bahari, hayana mazoea hayo, hivyo ugonjwa unapopanda mlima humlaza mtu mzima kama unavyomlaza mtoto. Tangu mwaka 1945 daktari P. C. C. Garnham alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya milipuko ya malaria katika miinuko ya Kenya iliyodhaniwa kuwa salama, na kumbukumbu za hospitali ya mashamba ya chai ya Kericho, ambazo watafiti wamezichambua kuanzia zile za mwaka 1965, zinaonyesha kwamba wagonjwa huongezeka hasa kati ya Mei na Julai, baada ya mvua za masika.

Sababu ya majira hayo imo ndani ya mwili wa mbu. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapofyonza damu ya mgonjwa huchukua vimelea vya kiume na vya kike, ambavyo hukutana tumboni mwake, hupenya ukuta wa tumbo na kujijengea vifuko vidogo upande wa nje, na vifuko hivyo vinapopasuka hutoa maelfu ya vimelea vyembamba vinavyosafiri hadi kwenye tezi za mate, tayari kumwingia mtu mwingine. Kipindi hicho kinahitaji jina. Neno uatamizi lingefaa kwa yai linalopashwa joto na mama yake, lakini mbu hana joto lake mwenyewe na hutegemea lile la hewa inayomzunguka, kwa hiyo hapa kitaitwa upevukaji, yaani kukomaa kwa vimelea kwa joto la kuazima.

Hesabu ya upevukaji, iliyoenezwa na kitabu cha T. S. Detinova kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962, ni fupi na ya kupendeza: vimelea vya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo hatari zaidi, haviendelei chini ya nyuzijoto 16 za Selsiasi, na juu ya hapo huhitaji kukusanya jumla ya nyuzi 111 za ziada, siku baada ya siku, ndipo vikomae. Mchumaji wa chai anaifahamu kanuni ya aina hii hata kama hajawahi kuiona kwenye karatasi, kwa maana chipukizi la chai nalo hukua kwa akiba ya joto, ila kizingiti chake ni kama nyuzi 12.5. Siku ya baridi huongeza kidogo sana kwenye akiba hiyo na siku ya joto huongeza zaidi, hadi majani mawili na kichipukizi vinapokuwa tayari. Ndiyo maana mzunguko wa kuchuma hurefuka katika baridi ya Julai na kufupika siku za joto zenye unyevu, na ndiyo maana shamba la bondeni huwahi kuliko shamba la kilimani lenye chai ya aina ileile. Kalenda ya ofisini huhesabu siku, lakini kichaka cha chai huhesabu joto, na kimelea hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kichaka huweza kungoja, kwa kuwa huishi miaka mingi, ilhali mbu hufa upesi.

Hapo ndipo nyuzi mbili tu zinapobadili kila kitu. Katika nyuzijoto 18 upevukaji huchukua takriban siku 56, na katika nyuzijoto 20 huchukua takriban siku 28. Ikichukuliwa kwamba kila siku mbu tisa kati ya kumi hunusurika, basi katika mbu 1,000 walioambukizwa ni watatu hivi watakaoishi siku 56, lakini wapatao 52 watafika siku ya 28. Joto limepanda kwa nyuzi mbili, na mbu wenye uwezo wa kuambukiza wameongezeka karibu mara kumi na tisa, hata kama idadi ya mbu wote haikubadilika. Zaidi ya hayo, mbu wengi wa aina hii hupumzika ndani ya nyumba, ambako moto wa jikoni na pumzi za watu huongeza joto, hivyo kipimo cha nje husema pungufu kuliko hali ilivyo.

Wataalamu wamebishana kuhusu kilichoongoza ongezeko la malaria katika nyanda za juu mwishoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba takwimu zao hazikuonyesha hali ya hewa kubadilika, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ya klorokwini umetajwa kuwa sababu kubwa. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake, kwa vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, walionyesha kwamba joto limepanda.

Vyovyote ubishi huo utakavyoisha, kwa mpangaji wa afya hesabu ya upevukaji ni zawadi ya muda. Andrew Githeko wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI alionyesha tangu mwaka 2001 kwamba joto lisilo la kawaida likifuatwa na mvua nyingi laweza kutumika kutabiri mlipuko kabla wagonjwa hawajajaa wodini, kwa kuwa viluwiluwi huhitaji wiki kadhaa, upevukaji mwezi mzima, na mtu aliyeumwa hukaa tena siku kumi au zaidi kabla ya homa. Mpango mzuri hutumia wiki hizo: kupulizia dawa kuta za nyumba kabla ya Mei, kusambaza vyandarua, na kupeleka vipimo vya haraka na dawa mseto za artemisinini kwenye zahanati zinazoagiza kidogo kwa kuwa wagonjwa ni wachache. Kisha huweka kizingiti cha tahadhari, yaani idadi ya wagonjwa wa wiki hiyohiyo kwa miaka mitano iliyopita, ikipangwa kwa ukubwa na kuchukuliwa ya pili kutoka juu: kama ilikuwa 2, 3, 3, 5 na 9, mgonjwa wa sita ndiye kengele.

Dawa ya ukutani inayofika Julai hugharimu fedha zilezile na kuokoa watu wachache. Kaunti za Kericho na Bomet zisome vipimo vya joto vya Februari na Machi kwa umakini uleule zinaosomea idadi ya wagonjwa, na kila mkazi wa nyanda za juu anayepata homa baada ya masika apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama hajasafiri popote.