Sitiari za Kifungo katika Riwaya ya Kiingereza: Gereza la Marshalsea katika Little Dorrit

Sitiari ya kifungo ni miongoni mwa sitiari zilizochakaa mno katika maandishi ya Kiingereza. Ndoa, kazi, mwili na umaskini, vyote vimekwisha kuitwa gereza. Lakoff na Johnson (1980) walionesha kwamba sitiari hutuwezesha kulielewa jambo moja kwa maarifa tuliyonayo kuhusu jambo jingine. Basi msomaji asiyepewa maarifa yoyote ya gereza lenyewe hubakia na jina tupu. Charles Dickens, katika Little Dorrit (1855–1857), aliiepuka hatari hiyo kwa kuliweka gereza halisi katikati ya riwaya.

Gereza hilo ni Marshalsea la London, alimofungwa baba yake kwa deni mwaka 1824, Dickens akiwa na umri wa miaka 12. Mdaiwa aliweza kuishi humo pamoja na familia yake. Mke na watoto walitoka na kuingia; yeye hakutoka, na kwa kuwa hakutoka, hakuwa na njia ya kuchuma cha kulipia deni lililomweka ndani. Ukatili huo ndio unaoipa sitiari uzito. William Dorrit anakaa humo zaidi ya miaka 20, hata anaona fahari kuitwa Baba wa Marshalsea. Anapopata urithi anahamia Italia, lakini karamuni mjini Rome anarukwa na akili, anasimama na kuwakaribisha wageni kana kwamba ni wafungwa wapya. Dickens hahitaji kueleza kwamba utajiri nao ni gereza. Msomaji amekwisha kulijua lango la Marshalsea na saa ya kufungwa kwake usiku.

Bi. Clennam ni suala jingine. Kwa miaka mingi hatoki chumbani mwake, yu kitini, na hali hiyo huipa maana ya kidini. Wahakiki wanaomtia kapu moja na Dorrit, kwa hoja kwamba katika riwaya hii kila mtu ni mfungwa, wanaifuta tofauti iliyojengwa kwa makini. Dorrit amefungwa na wadai pamoja na sheria. Bi. Clennam ufunguo anao mwenyewe, na nyuma ya mlango wake imefichwa haki ya mali aliyomnyima Amy, binti wa Dorrit aliyezaliwa gerezani. Kumwita mfungwa bila kulisema hilo ni kumpunguzia hatia kwa gharama ya mdaiwa. Siri inapokaribia kufichuka, anainuka kitini na kwenda kwa miguu yake hadi Marshalsea, kumwomba Amy msamaha.