Kushusha gari kwa springi pekee: Sura hupendeza, shokapu huumia

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji mikubwa ya Afrika Mashariki, si jambo geni kuona Subaru Impreza iliyoagizwa kutoka Japan ikiwa imeshushwa hadi tairi zinakaribia kufichwa na bodi. Kwa wapenzi wa magari ya kasi, pengo kubwa kati ya tairi na bodi hulifanya gari lionekane limesimama kwa vidole, na wengi wao hutamani kuliondoa mapema.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kununua springi nne zilizo fupi na ngumu kuliko za kiwandani, kisha kuzifunga kwenye shokapu zilezile zilizokuja na gari. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa siku moja, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kununua seti kamili ya springi na shokapu zilizotengenezwa kwa pamoja.

Lakini je, shokapu iliyotengenezwa kwa ajili ya springi moja inaweza kuimudu springi nyingine? Jibu fupi ni kwamba inaweza, endapo gari limeshushwa kidogo na shokapu zenyewe bado ni nzima. Zaidi ya hapo, mmiliki hupata sura anayoitaka huku akipunguziwa uthabiti na uwezo wa kufunga breki, na hatimaye hulazimika kununua shokapu hizo alizokuwa akizikwepa.

Kazi mbili tofauti

Madereva wengi huzihesabu springi na shokapu kuwa kitu kimoja kwa sababu huonekana zimefungwa pamoja. Ukweli ni kwamba kila kimoja kina wajibu wake.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gurudumu linapopanda jiwe au tuta, springi hujibana na kuhifadhi nguvu ya mshtuko huo, kisha huirudisha kwa kujisukuma. Kama ingeachwa peke yake, gari lingeendelea kunesa juu na chini kwa muda mrefu baada ya kila shimo.

Shokapu haibebi uzito huo. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite katika vitundu vidogo, na kwa njia hiyo nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Kazi yake ni kuituliza springi na kulirudisha gurudumu barabarani haraka, bila kulifanya gari liruke.

Kwa sababu hiyo, mtengenezaji wa gari huzipanga sehemu hizo mbili kwa pamoja. Kwa kanuni za fizikia, nguvu ya kutuliza inayohitajika huongezeka kulingana na kipeuo cha pili cha ugumu wa springi. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 25, shokapu inatakiwa iwe na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 12 ili gari litulie kama lilivyotulia awali.

Pengo hilo si kubwa kwa shokapu mpya. Lakini magari mengi yanayofungwa springi hizo yamekwisha kutembea maelfu kwa maelfu ya kilomita, na shokapu zake zimeanza kuchoka. Pengo dogo la springi huongezwa juu ya pengo la uchakavu, na matokeo yake ni gari linalodunda kila linapopita kwenye barabara yenye mawimbi.

Hapo ndipo usalama unapoguswa. Tairi iliyoinuka kutoka barabarani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, haiwezi kufunga breki wala kukata kona. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari husafiri karibu meta 14 kila sekunde, na dereva anayekanyaga breki kwenye barabara mbovu anaihitaji kila tairi iwe chini.

Nafasi inayopotea

Tatizo la pili, ambalo huzungumzwa kwa nadra, ni nafasi. Shokapu ina urefu maalumu wa kwenda na kurudi. Gari likishushwa kwa springi pekee, urefu huo haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali ambapo pistoni inakaa gari linaposimama.

Tuchukue mfano wa gari ambalo gurudumu lake linaweza kupanda kwa milimita 70 kabla ya kugonga raba inayozuia chuma kisigonge chuma. Likishushwa kwa milimita 40, nafasi inayobaki ni milimita 30 tu. Tuta ni lilelile na uzito wa gari ni uleule, ila nafasi ya kuumeza mshtuko imepungua zaidi ya nusu.

Nguvu inayohifadhiwa na springi hutegemea ugumu wake na mraba wa umbali inaojibana. Kwa hesabu hiyo, ili milimita 30 zifanye kazi iliyofanywa na milimita 70, springi ingehitaji kuwa ngumu mara tano na zaidi. Hata kwa kushusha milimita 25 pekee, ingehitaji kuwa ngumu zaidi ya mara mbili.

Hakuna dereva wa mjini anayeweza kuvumilia springi ya namna hiyo, na springi za kushushia zinazouzwa kwa matumizi ya barabarani hazifikii ugumu huo. Kwa hiyo, sehemu ya mshtuko iliyokuwa ikimezwa na springi sasa huangukia raba na shokapu. Raba inapogongwa, gari hukakamaa ghafla. Jambo hilo likitokea katikati ya kona, ekseli moja huweza kupoteza mshiko kabla dereva hajajua kilichotokea.

Pistoni nayo hutumia muda mwingi ikifanya kazi katika eneo la chini la shokapu, na kila inapogota hutingisha vali na sili. Mafuta yakianza kuvuja, shokapu haina tena cha kuituliza springi.

Magurudumu hubadili mwegamo

Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, zilizotengenezwa hadi mwaka 2007, zina mfumo wa MacPherson mbele na nyuma. Mfumo huo ulipewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Ndani yake, shokapu yenyewe ni nguzo inayolishikilia gurudumu lisimame.

Mfumo huo ni mwepesi na wa bei nafuu, lakini haupendi kushushwa kupita kiasi. Mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, ambao kwa kawaida hulala au kuteremka kidogo kuelekea nje, huanza kuinuka upande wa nje. Sehemu ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari, na hivyo gari huweza kupata hamu kubwa zaidi ya kulala upande, kinyume na matarajio ya mwenye nalo.

Magurudumu pia hubadili mwegamo na mwelekeo. Mabadiliko ya mwelekeo ndiyo yenye hasara kubwa zaidi mfukoni, kwa kuwa tairi hulika upande wa ndani mahali ambapo mwenye gari haoni kwa urahisi. Hii ndiyo sababu ya kupima alaimenti mara tu springi zinapofungwa, na kurudia baada ya kilomita mia kadhaa, springi zikishatulia.

Fundisho la Safari

Wapo wanaoamini kwamba gari likiwa chini zaidi ndivyo linavyokuwa la mashindano zaidi. Historia ya mbio za Safari nchini Kenya haikubaliani na imani hiyo. Impreza ya Colin McRae iliyoshinda mwaka 1997, na ile ya Richard Burns iliyoshinda mwaka 2000, ziliandaliwa zikiwa zimeinuliwa, zikiwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka kwa magurudumu.

Gari la mashindano hushushwa pale barabara inapokuwa laini kama kioo. Mahali penye mashimo, matuta na mabega ya lami yaliyokatika, nafasi ya gurudumu kupanda ni mali ambayo haifai kutupwa.

Namna ya kufanya kwa busara

Hata hivyo, si kila anayeshusha gari kwa springi pekee anakosea. Watengenezaji mashuhuri wa springi, miongoni mwao Eibach na H&R wa Ujerumani, huuza springi za kushusha kwa kiasi zilizobuniwa zikizingatia shokapu za kiwandani. Kwa gari la matumizi ya kila siku, kushusha kwa milimita 20 hadi 30 ndiyo mipaka ya busara.

Anayetaka kuvuka hapo anahitaji shokapu fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Bilstein, kwa mfano, hutofautisha shokapu zake za B6 kwa gari lenye kimo cha kawaida na za B8, ambazo ni fupi, kwa gari lililoshushwa.

Kabla ya kufunga springi, shokapu zikaguliwe. Zenye dalili ya mafuta kwa nje, au zinazoliacha gari linese baada ya kubonyezwa, zibadilishwe kwanza. Kufunga springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa ni kuongeza mzigo kwa punda aliyelala.

Raba za kuzuia zisiondolewe. Baadhi ya watengenezaji wa springi huelekeza zikatwe kwa kipimo au huleta fupi badala yake, na maelekezo hayo yafuatwe kama yalivyo.

Boliti zinazopita kwenye bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa limeinuliwa kwa jeki, bushi hujisokota likishushwa na kuchanika mapema. Taa za mbele nazo zirekebishwe, kwa kuwa kimo kikibadilika na mwanga hubadilika.

Lililo la hatari zaidi ni kukata springi za kiwandani kwa msumeno wa umeme, au kuzichoma kwa moto wa gesi ili zilegee. Moto huharibu ukakamavu wa chuma, nayo springi iliyokatwa huweza kulegea na kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia. Fundi naye asifungue springi bila kibano maalumu, kwani springi iliyobanwa ina nguvu ya kumuua mtu.

Nchini Ujerumani, springi za kushushia hazikubaliwi barabarani bila vibali vya kiufundi, na mara nyingi gari lazima likaguliwe baada ya kufungwa. Nchini Japan, zinakotoka nyingi ya Impreza hizi, gari linatakiwa kubaki na angalau sentimeta 9 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini. Mmiliki wa huku kwetu naye anashauriwa kuijulisha kampuni yake ya bima kabla ya kubadilisha chochote, ili siku ya ajali asije akaulizwa maswali asiyoyatarajia.

Kwa mwenye fedha kidogo, basi, mpangilio wa matumizi ni huu: kwanza tairi nzuri, pili shokapu nzima, tatu alaimenti, na springi za kushushia baada ya hayo yote. Gari litachelewa kupendeza, lakini litakuwa limeshika barabara.