Mkokoteni Haupandi Ngazi

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, haya niliahidi kuyaandika tangu siku mradi wangu ulipozima mbele ya wahadhiri watatu.

Kadi ya mtandao niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, shilingi 15,000. Mtumba. "Dogo, hiyo chuma, haifi," muuzaji aliniambia, na kweli haikufa. Iliyokufa ni draiva niliyoiandika mwenyewe.

Kadi ya PCI ya zamani kama ile huchota data kwenye RAM yenyewe bila kupitia prosesa, ila anwani zake ni za biti 32. Maana yake haifiki popote juu ya GB 4. (Babu zake wa ISA walikuwa na biti 24, mwisho MB 16!) Kompyuta yangu ya geto ina GB 2, kwa hiyo kadi ilifika kila kona. Mashine ya maabara ina GB 8.

Sasa fikiria maghorofa ya Kariakoo. Stoo iko ghorofa ya sita, mkokoteni uko barabarani, na mkokoteni haupandi ngazi. Lazima vijana washushe mzigo mpaka mlangoni, ndipo upakiwe. Linux nayo hufanya hivyo: inatenga bafa chini ya GB 4, inanakili pakiti toka juu, kadi inachota hapo. Data ikiingia ni kinyume chake. Kunakili kunakula muda, lakini mzigo unafika. Mashine zenye IOMMU, inayotafsiri anwani, ni kama zina lifti. Ile ya maabara lifti ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, nami sina habari.

Na mlangoni ni padogo. Bafa hiyo kwa kawaida ni MB 64, imegawanywa vyumba 32,768 vya KB 2. Pakiti ya baiti 1,500 inachukua chumba kizima. Draiva ikishatuma inatakiwa iite dma_unmap_single ili chumba kirudi. Mimi sikuita. Geto hakikunakiliwa kitu, kwa hiyo kosa halikuonekana. Wiki mbili nzima nilijiona fundi.

Siku ya siku nikatuma faili la MB 200. Piga hesabu: vyumba 32,768 mara baiti 1,500 ni kama MB 49. Karibu na hapo ikagoma, dmesg ikajaa malalamiko kwamba bafa ya swiotlb imejaa. Kwa kiherehere nikawasha upya na swiotlb=65536, vyumba mara mbili. Ikagoma karibu na MB 100.

"Kijana," mhadhiri mmoja akasema, "unaongeza stoo au unatoa mzigo?"

Nilirekebisha usiku uleule, mstari mmoja tu. Nikaruhusiwa kurudia Ijumaa, faili likafika lote.

Kama mashine yako ni ndogo kama yangu, washa Linux na swiotlb=force. Hata kwenye GB 2, kila pakiti italazimika kupitia mlangoni, na vyumba usivyorudisha utaviona ukiwa bado geto.